Swichi Iliyomjua Mtu Mmoja

Marehemu alikuwa na msemo wake kuhusu lile gari jekundu la spoti, la milango miwili, lililomzidi umri mtoto wao wa mwisho. "Hili linanijua mimi tu." Na kweli lilimjua. Mtu mwingine akizungusha ufunguo, kimya. Yeye aliuvuta nje unene wa ukucha, akauinua, akausukuma tena huku akiuzungusha, na injini ikanguruma. Wageni walicheka, naye akajisifu kwamba mwizi atakayelijaribu atatoka jasho mpaka polisi wamkute pale pale. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alicheka pia. Miaka miwili alicheka.

Siku kifua kilipombana mume, gari lililokuwa uani ni hilo hilo. Mwalimu alimkokota mumewe hadi kiti cha abiria, akakaa nyuma ya usukani, akazungusha. Kimya. Akavuta, akainua, akasukuma. Kimya. Mume alinyoosha mkono amwonyeshe, mkono ukaishia hewani. Mpaka jirani aje na gari lake, dakika kumi na nane zilikuwa zimekwenda. Yeye ni mtu wa hesabu, alizihesabu. Hospitalini daktari alitangaza kifo, akaongeza maneno mawili tu: "Mngewahi kidogo."

Tangu hapo mwalimu alikufa ganzi. Alisahihisha madaftari, akala alichowekewa, hakulia hata kaburini. Mawifi wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, naye hakuwa na nguvu ya kuwakatalia. Kitu kimoja tu alitaka kukijua, na hakuthubutu kumuuliza mtu: je, mkono wake ndio uliomuua mumewe?

Jumamosi ya wiki ya kumi na moja akampigia simu Nyaya, fundi umeme wa magari, rafiki wa marehemu tangu ujana.

"Nataka liwake kwa mtu yeyote," alimwambia.

Nyaya hakuuliza kwa nini. Alikuja na begi lake, akachomoa waya wa betri kwanza, kisha akalala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango, akafungua kifuniko cha plastiki. Mwalimu alikaa kiti cha abiria akimshikia tochi. Humo ndani, fundi alimweleza, kuna vitu viwili: kitasa kinachopokea ufunguo, na nyuma yake swichi inayopeleka umeme. Kitasa kilikuwa kizima.

"Swichi ndiyo imechoka, shemeji. Skrubu mbili tu, inatoka."

"Na mpya utaipata wapi? Gari lenyewe babu."

Nyaya alitoa mkono chini ya usukani, akaonyesha. "Fungua hapo mbele yako, kwenye dashibodi."

Alifungua. Chini ya miwani ya jua ya mumewe kulikuwa na kiboksi kidogo, nailoni yake haijachanwa.

"Nilimwagizia mimi," Nyaya alisema. "Mwaka juzi. Nikamwambia lete gari, nusu saa tu. Akasema kesho. Kila nikimkumbusha, kesho. Mwisho akaniambia, 'Fundi, ukiniwekea hiyo, gari litamtii kila mtu. Mimi nitabaki na nini?'"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alikuwa ameshanunua na saruji, akaifungia kabatini. Mwalimu alikigeuza kiboksi mkononi, akasubiri ahisi kitu. Hakuhisi kitu. Akamkabidhi fundi.

Swichi ya zamani ilipotoka, Nyaya aliipasua kwa bisibisi. Vibati vya shaba vilikuwa vimelika, vyeusi tii.

"Siku ile," mwalimu alianza, sauti yake kavu, "kama ningejua kuuvuta vizuri..."

"Hapana." Nyaya alimsogezea kile kipande karibu na macho. "Tazama. Imebaki sehemu moja tu inayogusa, kama punje ya mchele. Aliyezoea kila siku ndiye anayeipata. Wewe ungejaribu mpaka jioni. Hata mimi hapa hapa ilinishinda, mumeo akanicheka."

Alifunga mpya, akarudisha kifuniko na waya wa betri. Mwalimu akahamia kiti cha dereva. Vidole vyake vilianza kuuvuta ufunguo nje.

"Zungusha tu," Nyaya alisema.

Akazungusha. Likawaka, kwa vidole viwili, bila hila yoyote.

Akalizima. Akaliwasha. Akalizima tena, akaliwasha tena. Saa ya mkononi ilimwambia kwamba kazi yote imechukua dakika ishirini na sita. Hapo hasira ikampanda kutoka nyayoni, nzito, ya moto, kitu cha kwanza alichokihisi kwa wiki kumi na moja. Akakigeukia kiti cha abiria.

"Nusu saa!" alikifokea. "Nusu saa tu, we mwanamume!"

Akakipiga kiti ngumi, akaongeza ya pili, na machozi yaliyomsusia kaburini yakaja yote kwa pamoja. Nyaya alifunga begi lake polepole, akaenda kusimama getini, akageuzia nyumba mgongo. Injini iliendelea kunguruma uani, na hakuna aliyeizima.