Nani Anapandisha Namba

Watu wa kwanza walikuja kanisani Muyeye wakiwa na kamera na fulana za bluu. Walimbeba Jedida, binti ya Mutuku, ambaye hakuweza kutembea, wakamkalisha kwenye kiti kipya cha magurudumu, wakampiga picha akicheka, kisha wakamshusha na kukirudisha kiti garini. Walisema kinaenda kurekebishwa kimo. Mwaka mmoja baadaye jirani alimwonyesha Mutuku simu yake: Jedida yuleyule, kicheko kilekile, na maneno ya Kiingereza ya kuwaomba watu wa mbali wachangie. Kiti hakikurudi.

Kwa hiyo mkewe, Easter, alipoleta habari za mashine inayowatembeza watoto, Mutuku hakuinua hata kichwa kutoka kwenye geti alilokuwa akilichomea.

"Wanataka watoto wanane tu," Easter alisema. "Jedida amechaguliwa."

"Kwa nini yeye?"

"Ana mtindio wa ubongo, ana miaka tisa, na mikono yake ina nguvu. Ndivyo walivyosema."

"Na wao wanapata nini?"

Easter alitazama saa. Alikuwa tayari amevaa sare ya hoteli anakofua mashuka, na alikuwa anachelewa. "Nenda ukaone mwenyewe," akasema. "Ukikuta ni uongo, utarudi naye."

Basi ikawa Mutuku ndiye wa kumpeleka Jedida kituoni kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Aliifunga karakana, akampakata mtoto kwenye tuktuk, na njia nzima akawa anawaza atakavyokataa.

Kituo kilikuwa nyumba nyeupe yenye ukumbi mrefu wa vigae. Aliyewapokea ni Hindu, mtaalamu wa viungo, mwanamke wa Pate aliyesema kwa utulivu na kumaliza kila neno alilolianza. Jedida alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akachuchumaa ili macho yao yalingane kabla hajamuuliza jina. Mutuku aliliona hilo. Hata wale wa fulana za bluu, alijikumbusha, walikuwa wapole.

Pembeni alisimama Marvin, kijana wa kampuni iliyoleta mashine, aliyekuja kutoka Nairobi kila baada ya wiki mbili. Alimpa Mutuku karatasi nne za Kiingereza na kalamu.

"Ni za kawaida tu, mzee. Weka sahihi hapa na hapa."

Mutuku alikisoma Kiingereza polepole, na hakupenda kusoma huku mtu akimsubiri. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza, Hindu alikuwa ameshaanza kumfunga Jedida mikanda, na mtoto alikuwa akimtazama baba yake kwa macho ya kuomba. Akaweka sahihi.

Mashine yenyewe ilikuwa fremu ya magurudumu yenye mishikio miwili mbele, na ndani yake miguu miwili ya chuma chepesi iliyofungwa sambamba na miguu ya mtoto. Kwenye nyonga na magoti palikuwa na mota ndogo. Majirani walipohadithiwa baadaye waliiita miguu ya stima, yaani ya umeme. Mutuku aliikagua kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake: maungio safi, nati zote zimekaa sawa. Hakuona kasoro, na hilo pia halikumtuliza.

Kisha mota zikanguruma na Jedida akainuka. Mutuku hakuwahi kujua kwamba bintiye anamfikia kifuani. Alizoea kumtazama kwa kuinama. Mtoto alitupa mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, akavuka ukumbi mpaka dirishani, na Mutuku akalazimika kugeukia ukuta kidogo.

Alipogeuka tena alikuwa na swali. "Dada Hindu, hapa anayetembea ni nani?"

Hindu alitabasamu. "Kwa leo ni mashine, Baba Jedida. Katika mia, tisini ni za mashine na kumi ni za mtoto. Kila namba ya mashine ikishuka, ya mtoto inapanda. Tutaishusha polepole."

Namba iliandikwa kwenye kadi ukutani, chini ya jina la mtoto. Wiki ya pili ilikuwa themanini na tano. Wiki ya tatu, themanini. Easter aliulizia namba kila jioni kama watu wanavyoulizia matokeo ya mtihani. Wiki ya tano ilipofika sitini alimkumbatia mtoto akacheka, na Mutuku akaenda kukaa nje.

Kilichomsumbua ni sauti. Miaka kumi na mitano ameishi na mashine za kukata na kusaga chuma, na alijua mota inavyolia ikibeba mzigo na inavyolia ikipumzika. Siku ya kwanza zile mota zililia kwa nguvu, kwa sababu zilibeba karibu kila kitu. Kwa sitini zingetakiwa kulia kwa sauti ya chini. Hazikulia chini.

Ijumaa ya wiki hiyo alisogea karibu. "Namba ni ngapi leo?"

"Sitini," Hindu alisema, akiangalia tableti yake.

"Mota zinalia kama siku ya kwanza."

"Labda ni joto. Ama ni vigae hivi." Hindu aliigeuza tableti upande wa dirisha, mahali ambapo Mutuku hakuweza kuiona, akaendelea kuandika.

Mazoezi yalipokwisha Mutuku aliweka kiganja juu ya mota ya nyonga. Ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya auondoe mkono. Jedida alimwona, akatazama chini.

Kwenye tuktuk alimuuliza, "Unasikia miguu yako ikifanya kazi?"

"Ndiyo."

"Kweli?"

"Ndiyo, Baba." Alijibu haraka mno. Mutuku alimjua bintiye. Ni mtoto wa kusimulia mpaka umwombe anyamaze. Akaona wazi kwamba amefundishwa la kusema.

Jioni ile alichukua zile karatasi nne akazipeleka kwa Okoth, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Okoth alisoma mpaka ukurasa wa tatu akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa wanasema mtoto ambaye namba yake haitafika sitini katika wiki sita, nafasi yake atapewa mwingine. Na hapa, kwamba picha zake zaweza kutumika popote. Ulisoma kabla ya kuweka sahihi?"

Mutuku alizikunja karatasi akaaga. Njia nzima ya kurudi mambo yalipangana kichwani mwake, moja likilivuta jingine. Kampuni inataka matokeo mazuri. Wageni wanaoifadhili kampuni wanakuja Ijumaa ijayo na kamera zao, kama Marvin alivyowatangazia wazazi. Hindu anaandika sitini kwenye kadi huku mashine ikifanya kazi ya tisini. Jedida atatembea mbele ya wageni, atacheka, atapigwa picha, na mashine itapakiwa garini. Alimweleza Easter.

"Hindu hawezi kudanganya hivyo," Easter alisema.

"Hata wale wa fulana za bluu ulisema hawawezi."

Ijumaa ya wiki ya sita ukumbi ulijaa. Wageni saba, wawili wao wenye kamera, na wazazi wengine na watoto wao kwenye mabenchi. Marvin alisema maneno machache, kisha Hindu akamfunga Jedida mikanda. "Leo tunaanza na hamsini na tano," aliwaambia wageni, na Jedida akaondoka kuelekea dirishani, hatua moja baada ya nyingine, kichwa juu. Wageni wakapiga makofi. Mota zikalia.

Mutuku alisimama. "Hiyo namba ni ya uongo," akasema.

Makofi yakakatika. Hindu akageuka.

"Mimi ni fundi wa vyuma. Hiyo mashine inabeba mtoto mzima. Huyu dada anaandika namba za kuwafurahisha ninyi. Mtoto wangu hatembei hapo, anabebwa."

"Baba Jedida," Hindu alisema taratibu, "sijaandika kitu ambacho sikukiona."

"Basi fungueni hiyo mashine tuone."

Mgeni mmoja mwenye mvi alimwambia Marvin afungue kumbukumbu. Marvin, uso umemwiva, aliunganisha kompyuta yake na fremu. Tableti ya Hindu, alieleza, huonyesha namba aliyoiweka mtaalamu mwanzoni. Mashine yenyewe huhifadhi kila badiliko linalofanyika baadaye. Alisoma kimya, akasoma tena.

"Imewekwa hamsini na tano saa nne na dakika kumi," akasema. "Dakika moja baadaye imepandishwa mpaka tisini." Akarudi nyuma. "Jumanne, hivyohivyo. Ijumaa iliyopita, hivyohivyo. Tangu wiki ya tatu. Na kila mara kabla ya mazoezi kwisha inateremshwa tena."

Watu wote walimtazama Hindu. Mutuku alihisi kifua chake kikijaa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Hindu hakujitetea. Alikuwa anatazama fremu. "Imepandishwa kutoka wapi?" aliuliza. "Kwenye tableti?"

"Hapana," Marvin alisema. "Kwenye mshikio."

Chini ya mshikio wa kulia, ndani ya kifuniko cha mpira, palikuwa na vitufe viwili, vya kumsaidia mtaalamu asiyekuwa na tableti mkononi. Hakuna aliyeviwaza. Juu ya kile kifuniko palikuwa na kidole gumba cha Jedida.

Mtoto alikitoa kama aliyeungua. "Ni mimi," akasema.

"Nilivigusa siku moja, nikasikia mota zinanibeba zaidi," akaendelea.

"Huyu alimwambia Dada Hindu, asiyefika sitini miguu itapewa mtoto mwingine." Alimnyooshea Marvin mkono. "Mimi nilikuwa siwezi. Ikishuka ninaumia hapa na hapa, na magoti yanakunjika. Na Baba yuko pale ananiangalia tu. Nikianguka atasema ni uongo, twende nyumbani."

Alisema yote hayo akiwa amesimama, kwa sababu mashine ilikuwa bado imemshika. Mutuku alibaki pale aliposimama. Ni Hindu aliyemfungua mikanda, mmoja mmoja, akamketisha na kumpa maji.

Wageni waliondoka bila picha. Hindu alisimamishwa kazi kwa wiki mbili kwa kutoangalia kumbukumbu ya mashine, na mazoezi ya watoto wote wanane yakasimama. Mama mmoja kutoka Kakuyuni, aliyekuwa akiamka alfajiri kumleta mwanawe, alimpita Mutuku mlangoni bila kumsalimu.

Siku ya tatu Mutuku alikwenda nyumbani kwa Hindu. Alikaribishwa barazani, akapewa kahawa.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

"Ulinihukumu mbele ya watu. Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza habari za mota. Hukuniuliza kama nakudanganya." Alikiweka kikombe chake chini. "Nami nina langu. Ulisema kweli kwamba zinalia, nikapuuza kwa sababu msemaji ni wewe, na wewe kila kitu unakitilia shaka. Kama angesema mzazi mwingine ningeangalia. Na mtoto ameficha maumivu mikononi mwangu tangu wiki ya tatu, nami sikuona. Hilo ndilo linalonikosesha raha, si maneno yako."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Bado," Hindu alisema. "Kunywa kahawa yako."

Marvin alipopiga simu kusema kampuni imekubali kuendelea, Mutuku alimuuliza kwa nini. Marvin alisita, kisha akasema ukweli: watoto walihitajika wanane, na wakiwa saba utafiti haukamiliki. Jibu hilo Mutuku aliliamini kuliko yote aliyowahi kupewa, na akalitumia. Alitaka karatasi mpya, kwa Kiswahili, lile sharti la sitini liondolewe kwa kila mtoto, na picha zipigwe kwa ruhusa ya mzazi, kila mara. Ilichukua siku tisa. Zilipokuja alizisoma na Okoth neno kwa neno, wakati Marvin akisubiri kwenye benchi la karakana, na hakufanya haraka.

Hindu aliporudi kazini alifunga vile vitufe, akamwanzisha Jedida upya. Namba yake ya kweli ilikuwa themanini na saba.

Jumanne hiyo Jedida alipiga hatua nne. Ya tano goti lilikunjika na fremu ikamshika. Alilia kwa hasira, akaipiga ngumi mashine, akasema amechoka. Hakuna aliyemwambia aendelee. Mutuku alimkalisha kwenye benchi, akamfuta jasho kwa leso yake.

"Wataichukua?" Jedida aliuliza.

Zamani angejibu bila kufikiri. "Karatasi mpya zinasema iko hapa mpaka Desemba," akasema. "Baada ya hapo sijui. Sijawaamini bado."

"Na mimi?"

"Wewe ukiumia, utaniambia. Ukianguka, tutakuinua. Hatutarudi nyumbani kwa sababu ya kuanguka."

Mtoto alilitafakari hilo, huku akiminya paja lake kwa vidole. Upande wa pili wa ukumbi Hindu alikuwa anaandika kwenye kadi, hawatazami.

"Desemba ni mbali?" Jedida akauliza.

"Miezi miwili."

"Basi waambie wanifunge tena."