Pingamizi la Mshonaji

Mtaani walimwita Bwana Sheria, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Ukitundika kamba ya nguo upande asioutaka, alikuwa mlangoni kwako kabla nguo hazijakauka. Mshonaji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimvumilia miaka na miaka, mpaka mama yake mzazi alipoishiwa nguvu za miguu.

Vyumba vyote vya kulala vya mshonaji vilikuwa juu. Chini kulikuwa na sebule, jiko, na gereji iliyobaki tupu tangu gari lilipouzwa. Akaona njia: gereji igeuzwe chumba, mlango mpana wa gari uzibwe kwa matofali, liwekwe dirisha na choo pembeni, mama ashuke akae karibu na watu. Akachorewa ramani, akaipeleka halmashauri, akangoja kibali.

Badala ya kibali akaja mkaguzi wa majengo, akamwambia mshonaji:

"Mama, ramani yako haina tatizo. Ila jirani ameweka pingamizi. Anasema chumba kitaziba hewa ya nyumba yake, na maji machafu yatapenya ukutani kwake."

"Hewa gani? Ukuta wake hauna hata tundu upande huu!"

"Nimeuona. Lakini jirani akipinga, kamati haipitishi."

Mshonaji akamwendea Bwana Sheria, akamsihi mpaka sauti ikamkauka.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," mzee akajibu huku akimwagilia maua yake. "Sheria ni sheria."

Basi mama akaishi dirishani kule juu, mwaka na ushei. Aliposhuka, alishushwa na wanaume wanne, amefunikwa shuka. Bwana Sheria alikuja msibani, akakaa mstari wa mbele kabisa, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mshonaji akamtazama, akala yamini kimoyomoyo.

Haukupita muda mrefu, Bwana Sheria akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alitoka hospitali, wakampandisha chumbani kwake juu, na kiti chake cha magurudumu. Bintiye, muuguzi, akaja kubisha hodi kwa mshonaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo tu. Tunataka kugeuza gereji iwe chumba chake. Mkaguzi atapita kwa majirani, nikaona nikuombe mapema."

"Acha apite," akasema mshonaji, na tabasamu likamjaa usoni.

Mkaguzi alikuwa yuleyule.

"Napinga," mshonaji akamwambia. "Chumba kitaziba hewa ya nyumba yangu, na maji machafu yatapenya ukutani kwangu."

Kalamu ikasita. "Mama, una hakika?"

"Andika, baba. Hewa na maji. Usiache hata kimoja."

Kamati ikakataa, na roho ya mshonaji ikasuuzika. Kaka yake akaja kumtuliza.

"Dada, mama hatarudi. Liondoe hilo pingamizi."

"Najua hatarudi. Ndiyo maana siliondoi."

Akahamishia cherehani uani, mahali palipoonekana vizuri kutoka dirisha la Bwana Sheria. Alishona akiimba, mzee akimkodolea macho kutoka kule juu. Jua lilimchoma mshonaji, jasho likamchuruzika, wala hakuhama.

Alasiri moja sauti nyembamba ya mzee ikamwita kutoka dirishani. "Dada! Mama yako alikuwa akiangalia nini siku nzima?"

Mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Alikuwa anakuangalia wewe ukimwagilia maua. Alisema yanapendeza. Akaniomba nimshushe ayaone kwa karibu, nikamwambia asubiri kibali."

Pazia likafungwa, na kesho yake halikufunguliwa. Mshonaji alingojea moyo umlaumu, haukumlaumu. Akalala usingizi wa pono.

Baadaye yule binti akamhamishia baba kwake, mji mwingine, nyumba ikafungwa. Mshonaji akapeleka tena ramani yake halmashauri. Hapakuwa na wa kupinga, kibali kikatoka chapuchapu. Mafundi wakaziba mlango wa gari, wakapachika dirisha, wakajenga choo.

Siku ya kupaka rangi, fundi akauliza, "Mama, humu atalala nani? Nijue rangi ya kumfaa."

Mshonaji akasimama katikati ya chumba kinachonuka saruji, akaangaza macho huku na huku.

"Hakuna," akasema. "Paka yoyote."