Mstari wa Kalamu Chini ya Goti

Mke wangu hapendi kitu kiachwe wazi. Sufuria, ndoo, mtungi, hata chumvi ina kifuniko chake, na ukisahau kukirudisha utasemwa mpaka jioni. Mtaani wanamwita Mama Vifuniko. Mimi ndiye niliyemtungia jina hilo.

Basi nilipochanwa muundi na bati nikizoa tope chini ya mfereji wa mjini, kazi yangu ya kila siku, alijua la kufanya. Alisafisha juu juu, akanizungushia kitambaa, juu yake mfuko wa plastiki, kisha selotepu raundi juu ya raundi.

"Sasa hata tone haliingii," akasema. Nikarudi mferejini kifua mbele.

Baada ya siku chache mguu ulijaa kama mto wa kulalia. Hospitali walipoikata ile selotepu, harufu iliyotoka niliijua: ya tope la chini kabisa, lile jeusi linalotoa mapovu ukilichokoa kwa koleo. Daktari alibonyeza ngozi, ikalia chini ya kidole chake.

"Kuna bakteria wanaoishi kwenye tope hilo, kusikofika hewa," akasema. "Hewa kwao ni sumu. Waliingia na bati, nanyi mkawafungia mlango."

Nilimgeukia mke wangu. "Umeniua na vifuniko vyako!" nikamwambia mbele za watu. Niliogopa, na mwenye hofu humrukia aliye karibu.

Walinipasua, wakaacha kidonda wazi, dawa ikawa inaingia kwenye mshipa. Daktari akachora mstari wa kalamu chini ya goti. Uvimbe ukiuvuka, mguu unakatwa. Na mzoa tope wa mguu mmoja atazoa nini?

Mama Vifuniko akaokota kipande cha boksi, akaanza kukipepea kidonda.

"Mama, upepo huo haufiki waliko," nesi akamwambia kwa upole.

"Utafika. Si wanaogopa hewa? Wataipata."

Alipepea asubuhi yote. Mkono mmoja ukichoka, alihamishia wa pili. Hakula, hakukaa. Shuka likisogea karibu na kidonda alilitupa kando kama ameona nyoka. Macho yake yalibaki kwenye kidonda tu. Mstari hakuthubutu kuutazama.

Mimi niliutazama. Adhuhuri uvimbe uliufikia. Baadaye kidogo ulikuwa umeshaupita, unapanda gotini. Nesi naye akaona, akatoka mbio kumwita daktari.

"Mbona anakimbia?" mke wangu akauliza, boksi halisimami. "Kuna nafuu, eti?"

Nyayo za watu wengi zilikuwa zinakuja. Nilitafuta neno la kumwomba radhi, nikalikosa.

"Ongeza, mke wangu," nikamwambia. "Upepo unafika."