Nani Anamtunza Mwalimu?

Mwalimu alikuwa na miaka sitini na tisa, mama yake tisini na mmoja. Waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu, katika mtaa ambao zamani ulikuwa haulaliki mchana kwa kelele za watoto. Siku hizi ukipita saa nne asubuhi unasikia redio tupu, kila dirisha na taarifa yake ya habari, kwa sauti ya juu, maana wenyewe masikio yamechoka. Duka la nguo za watoto lilikuwa limegeuka duka la miwani. Shule ya chekechea aliyofundisha Mwalimu kwa miaka thelathini na miwili ilibaki na watoto sita, kisha watatu, halafu ikafungwa. Mwaka uliofuata ikapakwa rangi, mlangoni pakaandikwa: Kituo cha Mchana cha Wazee. Tangu hapo Mwalimu akienda dukani huzungukia uchochoro wa nyuma, mradi asipite pale.

Watu walimsifu sana. "Wewe una radhi za mzazi," walimwambia. "Wenzio wamewasukumia watu baki wazazi wao, wewe umekaa naye." Sifa hizo zilimlemea, maana mtu akishavishwa kilemba mbele za watu hakivui kirahisi. Hakuna aliyejua kwamba kumtoa mama kitandani hadi bafuni kulimchukua nusu saa, kwamba chini ya gauni alijifunga mkanda wa mgongo, na kwamba vidonge vya maumivu alivitafuna kama karanga. Kaka yake, mwenye miaka sabini na miwili na mkongojo wake, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Mnaendeleaje?" "Hatujambo." Basi, simu imekwisha.

Jumatatu moja, baada ya chai, Mwalimu alikuwa akimnyanyua mama kutoka kwenye kiti cha kuogea. Mgongo ukamlia kacha! kama kijiti kikavu kinapovunjika. Mguu wa kulia ukafa ganzi. Akashuka taratibu mpaka sakafuni, na mama, aliyekuwa amemkumbatia shingoni, akashuka naye. Wakajikuta wamekaa uso kwa uso kwenye vigae vilivyolowa, taulo moja katikati yao.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Wewe je?"

"Mimi mzima."

"Basi nyanyuka."

Mwalimu akajaribu. Akajaribu tena. Mama akamtazama, akaanza kucheka. "Leo tumepatikana," akasema. Mwalimu naye akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha, woga ukaingia, maana simu ilikuwa jikoni na maji yaliyowalowanisha yalianza kuwa ya baridi. Akalifikia kopo la kuogea, akagonga nalo bomba la ukutani. Aligonga mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono.

Aliyesikia ni Fundi Saa, jirani wao wa ghorofa ya chini, mgane wa miaka sabini na sita ambaye walimwachia ufunguo wa akiba. Alipanda ngazi akipumzika kila kona, akafungua, akasimama mlangoni pa bafu akiwa amegeuzia uso ukutani kwa heshima.

"Mwalimu," akasema, "nikiinama hapo tutakuwa watatu. Ngoja niwaite wanaoweza kuinama."

Akapiga simu zimamoto. Walikuja wanne na mabuti yao, wakawafunika shuka, wakawanyanyua kwa uangalifu kama watu wanaobeba mayai. Mkubwa wao alipoona Mwalimu amejiinamia kwa haya, akamwambia, "Usione aibu, mama yangu. Mwezi huu tumezima moto mmoja tu. Wazee tumenyanyua ishirini na saba." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba kanuni zinamtaka awape taarifa watu wa ustawi wa jamii.

Neno hilo likamkaa Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki. Jumatano barua ikafika. Afisa ustawi angekuja kesho yake saa tatu asubuhi "kutathmini hali ya mtunzaji na mtunzwa." Mwalimu aliisoma mara tatu, na mara zote tatu aliona jambo moja: wanakuja kumchukua mama.

Siku hiyo nzima alisugua nyumba huku ameuma meno kwa maumivu. Mkanda wa mgongo akauficha chini ya godoro. Vidonge akavizika kwenye debe la unga. Halafu akamketisha mama, akaanza kumfundisha kama alivyozoea kufundisha watoto wa chekechea.

"Ukiulizwa, mama, sema hatujawahi kuanguka."

"Na zimamoto walikuja kunywa chai?"

"Basi sema mara moja tu. Mtu aliteleza."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi!" Mama akashika kifua. "Nimekuzaa, nimekulea, leo unanisingizia kuteleza?"

Afisa ustawi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya raba na begi mgongoni. Alifika akihema kwa ngazi, akapokea maji, akanywa bilauri nzima kabla ya kusema neno. Akamtazama Mwalimu, macho mekundu, uso umemvimba. Akamtazama mama, aliyejipaka mafuta na kuvaa gauni la sherehe, amekaa wima kwenye kiti chake.

"Shikamooni," akasema. "Samahani kwa swali langu. Mgonjwa ni yupi?"

Mama akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Maswali yakaanza. Anakula? Anakula vizuri. Anaoga? Kila siku. Nani anamnyanyua? Mimi. Mwalimu alijibu harakaharaka, kama mwanafunzi aliyekariri. Katikati ya kuandika, kalamu ya afisa ikaanguka, ikabiringika hadi karibu na mguu wa Mwalimu. Mwalimu akaitazama. Ilikuwa shubiri moja tu kutoka kidole chake cha mguu. Akaendelea kuitazama. Afisa naye hakuinama kuiokota.

"Mama unamtunza wewe," afisa akasema kwa upole. "Na wewe, nani anakutunza?"

Mwalimu akaanza kunyoosha gauni lake magotini.

"Hana mtu," mama akajibu. "Mwanangu anaumwa. Mgongo umekwisha. Ana mkanda kauficha chini ya godoro. Anajifungia bafuni, anafungulia maji ili nisisikie anavyolia. Magoti yangu yamekwenda, meno yamekwenda, lakini masikio ninayo."

"Mama!"

"Nyamaza, nazungumza na mgeni. Miaka miwili nangoja aje mtu nimweleze. Wewe nikikuuliza, 'mimi mzima.' Mzima gani huyu? Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina nguvu za kuzika mtoto."

Hapo Mwalimu akalia, mbele ya mgeni, bila kufungulia maji yoyote. Alipoweza kusema, alisema maneno mawili: "Usimchukue, tafadhali."

"Nimchukue nimpeleke wapi?" afisa akashangaa. "Hii kata yangu peke yake ina nyumba arobaini kama yako. Mtoto ana sabini, mzazi ana tisini, na kila mmoja anamficha mwenzake. Mwezi uliopita nilikwenda kumkagua mzee mmoja, aliyeondoka na gari la wagonjwa ni binti yake. Sikuja kuwatenganisha. Nimekuja mpate kuishi pamoja bila kuuana."

Akatoa fomu. Msaidizi angekuja asubuhi tatu kwa wiki kumwogesha mama. Mwalimu angeonana na daktari wa mgongo, tena wiki ileile. Na Jumanne na Alhamisi gari lingemfuata mama kumpeleka kituo cha mchana, pale chini barabarani.

Mwalimu akakauka. "Pale hapana. Watu watasema nimemtupa."

"Niambie," mama akasema. "Miaka yote ile watu walikuletea watoto wao asubuhi, wakaenda zao kazini. Ulisema wamewatupa?"

"Hapana, lakini wale walikuwa..."

"Basi yamekwisha. Na mimi nimechoka kukutazama wewe kutwa nzima. Nataka watu wa rika langu."

Fomu ikatiwa saini. Mchana Mwalimu akampigia kaka yake, ingawa haikuwa Jumapili, akamweleza yote, tangu mkanda hadi zimamoto.

"Nilikuwa najua," kaka akasema. "Niliogopa kuuliza, nisije nikaambiwa." Akakohoa. "Kunyanyua siwezi, dada. Lakini kukaa naye Jumamosi, kukaa naweza."

Jumanne vijana wawili walimshusha mama kwa kiti chenye mikanda, naye akawasalimu majirani kila ghorofa, kwa mkono, kama anayekwenda safari ya mbali. Mwalimu akafuata nyuma. Darasa lake la zamani lilikuwa limewekwa vishikio ukutani, na masinki yaliyokuwa ya kimo cha magoti yalikuwa yamepandishwa juu. Mama akaketishwa mezani na bibi watatu. Kabla chai haijamiminwa walikuwa wameshaanza kubishana nani kati yao ndiye mkubwa.

Mwalimu akabaki amesimama mlangoni, pochi ameikumbatia. Alikuwa amewaona akina mama mamia wakisimama vilevile, palepale, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia nendeni, hawa watakuwa salama.

"Mbona umeganda hapo?" mama akapaza sauti. "Nenda!"

Akaenda. Alirudi nyumbani kwa barabara kuu, pole pole, akafungua mlango, akakaa kwenye kochi avue viatu. Kimoja alikivua. Cha pili kilimkuta usingizini. Alilala kama gogo, mdomo wazi, mpaka kengele ya mlango ilipomwamsha saa tisa alasiri, na kwa muda hakujua ni siku gani. Mgongo ulikuwa bado unauma, lakini kifua kilikuwa chepesi, kama aliyetua ndoo kichwani baada ya kupanda mlima.

Mama alirudi na malalamiko tele. Viti vyao vigumu. Kuna bibi mmoja anajua kila kitu. Kuna mzee mwingine, mwizi wa karata, amemwibia mchana kweupe mbele ya mashahidi.

"Lazima nimkomeshe," akasema. "Kesho gari linakuja saa ngapi?"

"Kesho si siku yako, mama. Ni mpaka Alhamisi."

Mama akanuna mpaka wakati wa chakula.