Safu ya Idadi

Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, Waisiko Machage alimaliza kusuuza kibuyu cha maziwa, akakiinamisha kwenye uzio, akachukua daftari la mradi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akateremka kwenye kinamasi. Mradi ulikuwa wa chuo kimoja cha mbali. Ulitaka wananchi wa Ringwani wenyewe wawe macho ya watafiti: kila Jumamosi waandike ndege waliowaona, ni wa aina gani, wangapi, wanafanya nini. Watu sita walijitolea wakapewa fulana. Watano walishachoka siku nyingi, fulana wanalimia.

Alikaa juu ya jiwe ambalo zamani alikuwa akilikalia na dada yake Robi, walipokuwa wasichana wa kuchunga ndama. Kinamasi kilikuwa kitupu. Korongo taji hawakuwa wameonekana pale kwa miaka thelathini, tangu watu walipoanza kukata matete na kulima mpaka kwenye maji. Enzi zile walijaa! Robi aliwapa wote majina kama ng'ombe wa nyumbani: Bibi Harusi, Karani, Mama Kelele, wengine makumi, na Chelewa, aliyechechemea baada ya kunaswa na mtego wa Waisiko. Wasichana wale walikula viazi vya kuchoma wakaigiza korongo wanavyocheza, mpaka ndama wakaingia kwenye mtama wa watu, wakachapwa wote wawili. Baadaye Robi aliolewa, akafariki akijifungua mtoto wa kwanza. Waisiko alimkumbuka sana, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa mweupe, akaandika majina ya korongo mmoja baada ya mwingine, kama dada yake alivyokuwa akiyataja.

Alipoinua kichwa, korongo walikuwa wamefika. Chelewa alikuja wa mwisho, kawaida yake, akivuta mguu wa kushoto.

Watu hawakulifanya jambo kubwa. Mzee Simoni, aliyekuwa akipita na baiskeli, alisema, "Ee, kumbe wamerudi hawa," akaendelea na safari yake ya kwenda kusaga. Mama mmoja alilalamika kuwa wamemkanyagia maharage, akaambiwa hata zamani walikuwa wakikanyaga. Kila Jumamosi Waisiko aliandika majina, nao wakaja.

Shida ilikuwa kwenye safu ya idadi. Aliyekusanya madaftari na kuyaingiza kwenye simu alikuwa Clement, afisa ugani wa kata, kijana aliyehamishiwa kutoka Bukoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa penye idadi umeandika Mama Kelele."

"Ndiyo. Alikuwepo."

"Wangapi sasa, mama? Mfumo haupokei majina."

"Basi huo mfumo wenu hauna adabu."

Kwao Waisiko, kitu chenye pumzi hakihesabiwi. Jioni ng'ombe wakirudi, baba yake alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama rangi na pembe, na asiyekuwepo alijulikana. Mgeni akimuuliza anao wangapi, alijibu, "Wapo." Alisema ukimhesabu mnyama umemwambia ametosha, anaweza kwenda zake. Clement alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akaingiza sifuri, maana sifuri mfumo uliikubali.

Zilipofika sifuri nane, tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mtu mmoja wa mjini alikuwa ameomba kinamasi alime vitunguu, na taarifa ilionyesha hakuna ndege wa kulindwa pale.

Clement alifika kwa Waisiko bila hata kuzima pikipiki. "Mama, nakuomba. Namba moja tu! Mimi ni mtumishi, fomu inamtaka mwananchi. Bila namba yako kinamasi kinaondoka mwezi huu."

Wakateremka pamoja. Waisiko alinyoosha kidole. "Mmoja." Bibi Harusi akakunjua mabawa, akapanda, akafifia hewani kama mvuke wa chai. "Wawili." Karani naye akaenda. Clement alivua kofia. Waisiko aliendelea huku analia waziwazi, wala hakujifuta, kwa sababu alitaka mahali pale pabaki hata kama wenyewe hawatakuwepo. Ndipo alipocheza na Robi, na hakuwa na mahali pengine pa kumkumbukia. Alipofika arobaini alikuwa amebaki Chelewa. Waisiko akakunja kidole.

"Andika arobaini."

"Bado yule pale, mama."

"Wewe andika."

Mfumo ulipokea, hata ukatuma pongezi. Lakini arobaini baada ya sifuri nane ni wengi, kwa hiyo wataalamu wawili walitumwa kuja kuhakiki. Walikaa kinamasini siku mbili na darubini zao, hawakuona kitu. Jioni ya pili walikuja kwa Waisiko, akawapa maziwa ya mgando.

"Mama, hata mmoja hakuna?" aliuliza mkubwa wao. "Tukimwona mmoja tu, tutaandika kwamba ulisema kweli, na kinamasi kitaangaliwa upya."

Nyuma ya ghala, chini ya kanga iliyoanikwa, Chelewa, aliyemfuata Waisiko nyumbani tangu siku ile ya kuhesabu, alijikuna. Waisiko alimsikia. Clement naye alimsikia, akatazama viatu vyake.

"Nyie mmeona nini?" Waisiko aliuliza.

"Hatujaona kitu."

"Basi andikeni mlichoona."

Wakaandika kuwa mwangalizi alitia chumvi. Daftari waliondoka nalo, fulana wakamwachia.

Sasa mfereji umechimbwa, maji yamekwisha, na ukipita Ringwani asubuhi harufu ya vitunguu inakupokea barabarani. Ni vitunguu vizuri, hakuna anayekataa. Jiwe liling'olewa na trekta. Jumamosi, saa moja, Waisiko anakaa kwenye kigoda mlangoni pake, na Chelewa anatoka nyuma ya ghala, kachelewa kidogo, anasimama kando yake. Wanatazama kule chini mpaka jua linapokuwa kali.

Juzi Clement alipita na fomu za mradi mwingine. Alimwona korongo. Kidole chake kilianza kuinuka, akakirudisha mfukoni.

"Shikamoo mama. Mpo?"

"Marahaba," Waisiko akajibu. "Tupo."