Fimbo ya Jumanne

Kila Jumanne asubuhi watu wa Mbalizi walizoea kuwaona: mwanamke mbele, mzee nyuma, fimbo katikati. Mwanamke kashika ncha moja, mzee kashika nyingine. Asiyejua angesema wamegombana. Wala! Yule alikuwa Ikupa akimpeleka baba mkwe wake hospitali Mbeya mjini, na kwao, Wanyakyusa wa kushika mila, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hamtazami usoni, wala hataji jina lake. Mzee anaitwa Anyelwisye. Sisi tunaweza kulitaja. Ikupa akiulizwa jina la mgonjwa pale dirishani, alisukuma kadi tu na kutazama dari.

Miaka tisa ya ndoa aliimaliza kwa kukimbia. Akisikia kikohozi cha mzee uani, huyoo, migombani. Mzee alimjua mkwewe kisogo tu. Kisha mtoto wa jicho akaingia macho yote mawili, mama mkwe akafariki, na Lusekelo, mume wa Ikupa, yuko Mgololo kiwanda cha karatasi, anarudi mwisho wa mwezi. Nani atampeleka mzee? Mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Mkwe," aliita kutoka kibarazani, kageukia ukuta kwa heshima, "siku hizi sikuoni hata ukisimama mbele yangu. Sasa unamkimbia nani? Shika fimbo, twende."

Basi wakaenda. Daktari akasema sukari iko juu mno, jicho halipasuliwi mpaka ishuke, warudi kila Jumanne kupima. Jumanne zikafika kumi na moja.

Na Ikupa, tuseme ukweli, alizipenda. Garini mzee alikaa mbele na dereva, yeye siti ya nyuma kabisa, lakini wakishuka mjini ndimi zilifunguka. Mzee alikuwa na swali lake lile lile: "Mlima Loleza leo umevaa nini?" Ikupa huinua macho juu ya mji na kumjibu, "Umejitanda ukungu mpaka shingoni, mzee." Au, "Leo uko wazi, unajionyesha." Alimweleza maghorofa mapya, vibao vya maduka, bwana mmoja aliyevaa koti la harusi na kandambili. Mzee naye, haoni hata kiganja chake, kila mara alimwonya, "Angalia mtaro, mkwe, usianguke." Kipofu anamwonya mwenye macho! Lakini Ikupa hakucheka. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa bado tumboni, na hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia usianguke.

Baada ya vipimo walipita Mwanjelwa kwa mama ntilie, wakakaa wamepeana migongo, kila mtu na benchi lake, mzee akinung'unikia chai yake isiyo na sukari. "Hii si chai. Ni maji yaliyotishwa." Hapo ndipo Ikupa alipocheka mpaka akamwaga yake.

Jumanne ya kumi na moja sukari ikawa imeshuka. Jicho la kulia likapasuliwa, likafungwa bandeji, wakaambiwa warudi kesho yake lifunguliwe. Majirani wakaja kupongeza. Ikupa akashukuru mmoja mmoja, halafu akaingia jikoni akalia. Alimtakia mzee macho, Mungu ni shahidi yake. Lakini mzee akiona, fimbo ya nini tena? Atarudi kukimbilia migombani, na sauti ile ataisikia kutoka ng'ambo ya ukuta mpaka mmoja wao afe. Aliwaza hivyo, kisha akajichukia kwa kuwaza hivyo.

Jumatano wakarudi mjini. Nesi alipoanza tu kubandua plasta, Ikupa alitoka mbio mpaka koridoni, akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Akamsikia daktari akiuliza, "Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kucha zako ndefu, daktari."

Wote mle ndani wakacheka. Mzee anaona! Ikupa aliuma upindo wa kanga, kwa furaha na kwa uchungu.

Mlango ukafunguliwa. Hatua zikaja polepole, zikisitasita. Kitu kikamgusa kiwiko. Ilikuwa fimbo.

"Mkwe, shika. Twende."

Akaishika bila kugeuka. Wakatoka kama walivyozoea, yeye mbele, mzee nyuma. Walipofika kwenye ngazi za nje, fimbo ikavutika ghafla, akasikia kishindo cha kiatu. Mzee kajikwaa. Ikupa akageuka kabla hajafikiri.

Mzee alikuwa amesimama ngazi ya pili, amefumba macho yote mawili, ameyabana mpaka mashavu yamekunjamana.

"Mzee! Daktari si amesema unaona?"

"Naona vizuri sana."

"Sasa mbona umefumba?"

"Nikifumbua utakimbia," mzee akasema. "Miaka tisa nimeona kisogo. Jumanne kumi na moja nimepata binti. Bora nijikwae."

Ikupa akabaki pale pale. Watu wanapanda, watu wanashuka, wengine wanawasonya kwa kuziba njia. Mila aliijua, mama yake alimfunda nayo, na Mbalizi ina midomo. Akaishusha kanga taratibu mpaka mabegani.

"Loleza leo uko wazi, baba," akasema. "Tazama mwenyewe."

Mzee akafumbua jicho moja, kisha la pili. Mlima hakuutazama hata kidogo. Alimtazama Ikupa, aliyekuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Na yule mjinga wa Mgololo hajawahi kuniambia!"

Siku hiyo, kule Mwanjelwa, walikaa benchi moja.