Kasha la Chumba cha Mizigo

Mume wangu alikuwa hakai. Umemtilia chai, ukigeuka kuchukua sukari, kikombe kiko mezani na yeye yuko barabarani. Majirani walidhani ana mwanamke. Mimi nilijua anakokwenda: stesheni, ambako treni ya mwisho ilipita miaka tisa nyuma.

Tulifanya kazi pale sote wawili. Mimi nilikata tiketi, yeye alivuta wenzo wa kubadilishia njia za treni, na mpaka leo watu wanamwita Bwana Njia. Stesheni ilifungwa kwa sababu bahari ilikuwa inakula tuta la reli na wakubwa walichoka kulijaza mawe. Mchanga ukafukia reli. Chumvi ikatafuna mabati ya jukwaa mpaka ukitazama juu unaona mbingu kama kwenye chujio. Dirisha langu la tiketi liling'olewa, likabaki tundu. Popo walihamia ofisi ya mkuu wa stesheni, na nasema kweli, waliwahi kazini kuliko yeye.

Nilidhani mume wangu ameikumbuka kazi, basi.

Mwezi uliopita likabandikwa tangazo: jengo linabomolewa Jumatatu, aliyeacha kitu chake akachukue. Alhamisi asubuhi tukaenda. Mimi nilikuwa nimeacha kigoda changu cha kukalia, ingawa sikukiona. Nikiwa bado naangaza macho, nikasikia kishindo. Mume wangu alikuwa anaupiga bega mlango wa chumba cha mizigo, uliokuwa umeganda kwa kutu.

"Taratibu, utajivunja!"

Hakunisikia. Mlango ulipoachia alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akavuta turubai lililooza. Chini yake palikuwa na kasha la mbao, limefungwa kwa waya.

"Unalijua hilo?" nikamuuliza.

"Nililishusha mimi. Siku ya mwisho."

Akanieleza huku akizunguka kasha, mara aguse waya, mara afute vumbi. Siku ile karani wa mizigo alikuwa keshaondoka. Kasha likashuka, yeye akaliingiza, akalifunika turubai, akafunga mlango, akakabidhi ufunguo ofisini akijua watamwita mwenye kasha. Baada ya wiki mbili akachungulia dirishani, bado lipo. Akaenda kuuliza kwa wakubwa. Wakamjibu chumba ni kitupu, wameshakikagua, na asiwapotezee muda. Akanyamaza.

"Kwa hiyo miaka yote hii unakuja kulichungulia?"

"Kila siku nilijiambia leo nitawarudia. Siku zikizidi, unaanzaje?"

Nilitaka kumpasha. Badala yake nikashika upande mmoja wa kasha.

Lebo ilikuwa imefifia ila inasomeka: fundi saa, nyuma ya kiwanda cha barafu. Tukakodi mkokoteni. Mume wangu aliusukuma mbiombio hadi mwenye mkokoteni akamuuliza, "Mzee, hii kazi ni yangu au yako?"

Kiwanda cha barafu kimegeuka gereji, lakini duka la saa lipo. Ndani alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amebana kioo cha ufundi jichoni.

"Tunamtafuta fundi," mume wangu akasema.

"Ni mimi. Kama mnamtaka baba, alifariki mwaka juzi."

Yule binti akainama asome lebo, kioo kikamdondoka jichoni. Akakata waya kwa koleo. Ndani, kwenye magunia, kulikuwa na mashine ndogo ya kuchongea vipuri vya saa, ya kuzungusha kwa mkono.

"Mashine ya babu," akasema.

Akatueleza kuwa babu alipokufa, mwanawe mkubwa alimwandikia mdogo wake barua: nimekutumia mashine kwa treni. Mdogo, yaani baba yake binti, akasubiri, akaona haiji. Akamwita kaka yake mwongo na mwizi, ameiuza. Hawakusemezana tena. Hata siku ya maziko, huyu binti alimzuia baba yake mkubwa mlangoni.

"Nilimfukuza mimi," akasema. Kisha akapiga meza, saa zote zikaruka. "Miaka tisa, mzee wangu! Ilikuwa wapi?"

"Stesheni. Niliifungia mimi, binti yangu. Nilijua ipo, na sikusema kwa nguvu. Nisamehe."

"Usiniambie mimi. Mwambie baba mkubwa."

Akapiga simu, akampa mume wangu kabla haijapokelewa. Mume wangu, ambaye hakai, alisimama wima kama nguzo akaeleza yote, bila kujitetea. Nikasikia sauti ya mzee ikiuliza, "Haikuvunjika?"

"Haikuvunjika. Ina kutu kidogo mpinini."

"Basi nipe mtoto."

Binti akaipokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba mkubwa," akasema, akatoka nayo nje.

Mzee alifika Jumamosi kwa basi, amevaa koti la kutokea. Alisimama kizingitini, haingii, mpaka binti alipomshika mkono akamwingiza mwenyewe. Hakuitazama mashine. Aliuliza kama kaka mtu anaruhusiwa kuliona kaburi.

Mume wangu, aliyekuwa ameshinda dukani tangu asubuhi akihama kiti hiki na kile, akainuka. "Niwasindikize?"

"Hapana," binti akasema. Hakusema kwa ukali. "Huko tuacheni wenyewe."

Wakaondoka, mzee akiegemea bega la binti, wakakata kona ya gereji. Sisi tukabaki barabarani. Mume wangu aliniuliza kama nadhani binti amemsamehe. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, tukaanza kutembea, na kwa mara ya kwanza nilimwacha aende mwendo wake, nami nikamfuata nyuma.